Namna ya Kupandisha Opera ya Kuzimu Hadi Lushoto

Kabla ya yote, tafuta fedha za watu wengine. Mtunzi anayetumia fedha zake mwenyewe huandika kitu kifupi, chenye mwanzo na mwisho, watu wakaenda zao wameelewa. Hiyo haiwezi kuitwa opera ya majaribio. Iandikie taasisi moja ya Ulaya uieleze kwamba unatunga kazi ya saa nne kuhusu kifo na ahera, yote ya kuimbwa, itakayooneshwa Usambara Magharibi kwa ushirikiano na jamii. Hilo neno jamii lirudie kila aya. Jamii yenyewe usiihangaishe kwa maswali. Itapata habari siku turubai likifika.

Wakati unasubiri majibu, soma habari za waliokutangulia, maana wafadhili hupenda mtu mwenye ukoo. Mwaka 1607, huko Mantua nchini Italia, Monteverdi alimpeleka Orfeo kuzimu akamrudishe mkewe aliyeumwa na nyoka akafa. Sharti lilikuwa moja tu, asigeuke nyuma. Akageuka. Tangu siku hiyo watunzi wa opera wamekuwa wakishuka kuzimu kwa zamu, kila mmoja akiamini yeye hatageuka. Mwaka 1978, mjini Stockholm, György Ligeti alionesha *Le Grand Macabre*: jitu linalojiita Kifo linakuja kuangamiza dunia, linakaribishwa pombe, linalewa, na usiku wa maangamizi unapita hivi hivi. Mwaka 2006 Mholanzi Michel van der Aa akaonesha Amsterdam opera ambamo marehemu hufikia kwanza kwenye kituo kinachofanana na ofisi, na kila mmoja anatakiwa achague kumbukumbu moja ya maisha yake aende nayo milele. Hiyo ukiisimulia Lushoto utaeleweka haraka. Watakachouliza ni dirisha lipi la kuanzia na kama kuna fomu.

Mjerumani Christoph Schlingensief, akiwa anaumwa saratani ya mapafu, aliuweka ugonjwa wake jukwaani Vienna mwaka 2009, akaipa kazi hiyo jina la *Mea Culpa*. Februari 2010 aliweka jiwe la msingi la kijiji cha opera karibu na Ouagadougou, Burkina Faso, kilichochorwa na msanifu Francis Kéré. Agosti mwaka huohuo akafariki. Kijiji kikapata shule, kisha zahanati. Ukweli huo uandike mahali utakapouona kila siku: ukija na opera Afrika, wenyeji watakusikiliza kwa adabu hadi mwisho, halafu watakuuliza darasa litakuwa upande gani.

Mmoja tu usimtanie. Viktor Ullmann aliandika opera yake akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt. Ndani yake Kifo anachoshwa na mfalme mwenye vita visivyokwisha, anagoma kufanya kazi, na watu wanashindwa kufa. Ullmann aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Opera ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Inachukua kama saa moja. Aliyekuwa na haki kuliko wote ya kuandika ndefu ndiye aliyeandika fupi, lakini usimwambie hayo mfadhili wako, maana bajeti ni ya saa nne.

Sasa safari. Ligeti alianza opera yake kwa honi 12 za magari, zikipigwa na wanamuziki wenye shahada. Wewe panda basi dogo pale Mombo, omba kiti cha mbele. Barabara ya kwenda Lushoto, kilomita thelathini na kidogo, imekwangua ubavu wa mlima tangu zama za Mjerumani: huku mwamba, huku korongo, na kila kona inaficha kinachokuja. Dereva anapiga honi. Juu huko Fuso iliyojaa kabichi inajibu. Dereva anapiga tena, Fuso inajibu kwa karibu zaidi, abiria wa nyuma anakatisha mazungumzo ya simu, mama aliyeketi dirishani anavuta khanga kichwani na midomo inaanza kucheza kimyakimya. Magari yanapishana. Mtu anacheka, mwingine anauliza bei ya viazi Lukozi. Mada ya kifo imeshatambulishwa, na kwa nauli ya kawaida. Pale Soni teremka ununue plamsi, utulie.

Kuhusu uwanja, kila mtunzi huenda kwanza Irente, akasimama ukingoni pa lile genge, akaona mashamba ya mkonge ya Mazinde mamia ya mita chini yake, akatamka neno la Kilatini. Usichague Irente. Mwezi Julai ukungu hupanda saa kumi jioni bila kubisha hodi, na mwimbaji wako aliyesimama mwambani akiwakilisha roho iliyotoka mwilini hataonekana na mtu, hata akiwasha tochi. Wakati huo watoto wote wa jirani watakuwa wamekaa ukingoni kabisa kwa sababu ndipo panapoonekana vizuri, na mama zao watakuwa wanawaita kwa sauti kali kuliko ya soprano yako. Tafuta uwanja wa shule au wa mpira.

Kwa onesho la hukumu ya mwisho utajaribiwa na jambo jingine. Lushoto ndiyo makao ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na mtunzi yeyote mwenye damu mwilini atatamani kumwekea Mwenyezi kiti pale. Fikiri mara mbili. Wanachuo watakaa mstari wa mbele na daftari, na roho ikishahukumiwa kwenda motoni, mmoja atasimama kuuliza hukumu imesomwa chini ya kifungu kipi na dirisha la rufaa linafungwa lini.

Kibali nacho hakikwepeki. Michezo ya jukwaani ina sheria yake tangu mwaka 1976, ileile ya filamu, hivyo andiko lako lazima lisomwe na wenye mamlaka. Huku wilayani barua iende kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya, nakala kwa afisa utamaduni, nakala polisi, nakala kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji ambaye ndiye hasa anayehitaji kuipata na ndiye atakayeipata mwisho. Uwe tayari kwa maswali ya haki kabisa. Mhusika mkuu nani? Kifo. Atatokea wapi? Ahera. Atalala wapi akiwa Lushoto? Na hawa 14 walioandikwa "wafu", wanaolala chini uwanjani kitendo chote cha kwanza, je, watapewa posho? Wape. Wape na blanketi. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai yake imeshawatoa watu wengi kwenye falsafa.

Libreto itakusumbua zaidi, kwa kuwa utataka kutumia historia. Iko ya kutosha. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kina vifo vya wafalme kuliko unavyoweza kuvipigia muziki. Zamani Simba Mwene, ndivyo alivyoitwa mfalme wa Wasambaa, akifa kwenye makao yake ya Vugha, msiba ulifichwa. Mrithi aliletwa kutoka Bumbuli kimyakimya, na watu walipotangaziwa kwamba mfalme hayupo, mfalme alikuwa yupo tayari. Sijaona mwongozaji wa Ulaya aliyefikia ustadi huo: tukio kubwa kuliko yote katika nchi, na kazi ya wasanii wote ni kuhakikisha halionekani.

Ila sikushauri. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862, na baada yake Semboja wa Mazinde na Shekulwavu wa Vugha waligombana mpaka nchi ikavurugika. Ukoo wao upo. Utakuja na kuketi viti vya mbele. Mwimbaji akifika kwa Semboja, mzee mmoja atasimama taratibu na fimbo yake, aseme, "Mwanangu, hapo hukuambiwa vizuri," na ataeleza. Atakapomaliza atasimama wa pili, kumsahihisha wa kwanza. Opera yako ya saa nne itakuwa imefika saa sita, na hizo mbili za katikati ndizo watu watakazozisimulia Jumatatu.

Ahera nayo usiichore ovyo. Najua umeipanga iwe chumba cheupe, kitupu, chenye mlio mmoja wa umeme usiobadilika kwa dakika 35. Kumbuka tu kwamba viti vya mbele amekaa sheikh, pembeni yake mchungaji, na wote wawili hueleza ahera kila wiki kwa watu haohao. Waswahili walishapewa *Al-Inkishafi* na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate tangu mwanzoni mwa karne ya 19, pamoja na majumba ya kifahari yaliyogeuka magofu na mioto iliyotajwa mmoja mmoja kwa jina. Chumba cheupe kitaonekana kama hosteli. Ukiwauliza wameionaje, watakwambia kwa upole kuwa pengine rangi iliisha.

Muziki, kwa bahati, upo. Wamisheni wa Kilutheri walianza kazi Mlalo mwaka 1891, na Ulutheri wa huku huwezi kuutenganisha na tarumbeta. Umeleta mpiga tromboni kutoka Berlin? Pole yake. Kwenye nota zako umeandika kwamba kifo cha bibi kiwakilishwe na tromboni inayopulizwa bila kutoa sauti, pumzi tupu, kwa muda mrefu. Atapuliza. Kiongozi wa tarumbeta atamwangalia kwa huruma, atasogea karibu, atamnong'oneza, "Mwalimu, hiyo imeziba. Lete tukuoshee." Wataiosha kweli, kwa maji ya moto na kitambaa, katikati ya onesho. Wakishamrudishia watapiga naye wimbo wa mazishi kwa sauti nne, na huo ndio utakaoliza watu.

Tatizo kubwa, hata hivyo, ni watani. Nadharia yako inasema utavunja ukuta uliopo kati ya jukwaa na watazamaji, utamcheka Kifo usoni, utachanganya kilio na kichekesho. Vizuri. Sasa nenda ukakae kwenye msiba mmoja wa mkoani Tanga wenye watani wa kweli. Utamwona mtu mzima amevaa koti la marehemu, mkono wa kushoto umekunjwa vilevile alivyokuwa akiukunja, anakohoa kikohozi chake, anaburuza mguu wake mpaka kwenye kiti chake, anaketi, anaita chai kwa jina la mjane. Chai ikichelewa anagomba kwa maneno yaleyale ya marehemu. Mjane anayelia anajikuta anacheka ndani ya khanga, halafu analia upya, safari hii vizuri zaidi. Kaburini mtani huyo anaweza kuingia shimoni akajilaza na kusema pamemfaa, hatoki mpaka alipwe. Watu wanajadiliana bei. Jeneza linasubiri.

R. E. Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege pale Amani, Usambara Mashariki. Yupo ndege mdogo wa msitu ule ambaye wanasayansi wanamwita *Artisornis moreaui*. Moreau aliwaacha ndege wake kwa muda, na mwaka 1944 jarida la *Africa* likachapa makala yake juu ya utani wa Tanganyika. Hakuandika kwamba ni sanaa ya majaribio. Aliona ni desturi, akaieleza kama desturi, na watani hawakumwomba ruzuku. Wewe ukileta Kifo jukwaani akiwa na kinyago cha plastiki na taa ya zambarau, uwe umejiandaa kwa mtani mmoja kupanda, kumvua kinyago, kukivaa, na kuuliza, "Huyu mwimbaji wenu alipokuwa hai, hela yangu alisema atanilipa lini?" Usimzuie. Mwongeze kwenye orodha ya posho.

Umeme utakatika kitendo cha pili. Hilo si la kuandaliwa, ni la kupangiwa chakula: pilau litoke hapo hapo, kabla jenereta halijawaka, maana hadhira iliyokula haiondoki na isiyokula haisikilizi.

Tayari utakuwa umegundua jambo jingine. Kijiji kimeona turubai, viti vya plastiki, sufuria kubwa, watu wa mbali waliovaa nyeusi wakilia kwa sauti za juu tangu saa nane mchana. Kijiji kimefanya kinachofanywa. Akina mama wamekuja na unga na kuni, vijana wameuliza kaburi linachimbwa wapi, na mezani pale ulipotaka wauzie tiketi pana daftari la rambirambi lenye majina yaliyopangiliwa kwa rula. Usikimbilie kueleza kwamba aliyekufa ni wa kutungwa. Mtunza daftari atakujibu kwamba hata hivyo mchango umeshaandikwa, na kilichoandikwa hakifutwi.

Siku ya tatu kutakuwa na kikao cha kuvunja kamati, na wewe ni mjumbe hata kama hukuchaguliwa. Mapato ya tiketi yatasomwa kwanza kwa sababu yanasomwa haraka. Yatafuata mapato ya rambirambi, ambayo ni makubwa zaidi, kisha matumizi: mchele, mafuta ya jenereta, maji ya moto ya kuoshea tromboni. Chukua nakala ya muhtasari huo, uipeleke Ulaya kama ripoti ya ushirikishwaji wa jamii; hutapata iliyo bora zaidi. Ila usome kwanza kipengele cha mengineyo, ambapo katibu ameandika kwamba viti viwili havijarudi, na kwamba marehemu namba tisa wa kitendo cha kwanza ameshinda mlangoni kwa mwenyekiti tangu asubuhi akidai yeye alilala mpaka cha tatu.