Utetezi wa Waridi Lenye Rangi Mbili

Waridi linalodariziwa kwenye foronya za Mtwara lina tabia zake. Petali tatu ni nyekundu, ya nne ni pinki iliyopauka, na jani lake linakatika katikati kana kwamba panzi kashapita. Wageni hutazamana, wakahukumu kimoyomoyo kwamba mwenye nyumba hajui kudarizi. Nadai kuwa hukumu hiyo ni ya uonevu: kosa lilishafanyika dukani, kabla sindano haijatungwa uzi. Kampuni ya DMC ya Ufaransa, iliyoanzia Mulhouse mwaka 1746, huuza nyuzi za kudarizi za rangi zipatazo 500, kila rangi na namba yake. Anayetaka nyeusi huomba 310, na mwakani ataikuta 310 ileile. Katika duka la kawaida la vitambaa huku kwetu, nyuzi hulala kopo moja na zipu na vifungo, na rangi huombwa kwa maelezo. Mteja anataka damu ya mzee, anapewa. Waridi likifika nusu uzi unakwisha, anarudi kuomba damu ya mzee, kumbe safari hii mzee ni mwingine. Naye huyo ana bahati kwamba anakaa mjini. Aliyeko Msimbati, au Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma, nauli ya kufuata uzi inaushinda uzi wenyewe bei, kwa hiyo petali ya nne hupokea chochote kilichomo ndani ya nyumba.

Kitambaa nacho kina kesi ya kujibu. Michoro ya mishono ya msalaba hupangwa kwa vyumba, na kitambaa chake maalumu, Aida, mara nyingi huwa na vyumba 14 kwa inchi. Kikikosekana, kimbilio ni drafti. Sasa piga hesabu: waridi la vyumba 70 lingechukua inchi 5 kwenye Aida, lakini kwenye drafti ya vyumba 8 kwa inchi linataka karibu inchi 9. Na kama vyumba vya drafti ni virefu kuliko upana wake, ua linanyooka mpaka linafanana na bamia. Hapo mdarizi hajakosea chumba hata kimoja.

Najua nitajibiwa kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mbaazi tunaulima sana kusini, na sioni kwa nini upande wake haujawahi kusikilizwa. Kama tatizo ni mkono, basi tuzitazame kofia za pwani, zenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi na kupangwa kwa hesabu isiyosamehe. Mkono wa mwambao unajua kuhesabu. Ila kofia nyingi hudariziwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na hapo ndipo fundi wake alipompiga chenga muuza duka.

Wengine watashauri uzi wote ununuliwe siku moja. Ushauri mzuri kwa mwenye mshahara. Kusini fedha huja na korosho, na minada kwa kawaida huanza Oktoba. Waridi lililoanzwa Mei hununuliwa kidogo kidogo. Kuagiza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, nako hakuponyi, kwa sababu rangi hutumwa kwa picha ya simu, na simu ina macho yake. Matokeo yake ni mzee wa tatu.

Kuna ajali moja tu ninayoiacha mikononi mwa mdarizi: kumaliza kazi, kuinuka kwa fahari kuionyesha, na kugundua kuwa foronya imeshonewa pamoja na kanga aliyojifunga. Hiyo muuza duka hahusiki nayo. Labda kama kanga pia aliiuza yeye.