Risala ya Kuusifu Mwiba wa Nyuki

Sisi ni watu wa risala. Kisima kikizinduliwa, risala. Mwalimu mkuu akistaafu, risala. Mgeni rasmi akichelewa saa tatu, risala inamsubiri imekunjwa mfukoni mwa katibu. Asali nayo imesifiwa mpaka imechoka: dawa ya kikohozi, dawa ya kidonda, dawa ya bwana harusi. Lakini mlinzi wa hiyo asali hajasomewa hata mstari mmoja. Leo naomba kipaza sauti kwa niaba ya mwiba wa nyuki na sumu yake, ambayo kwa zaidi ya karne moja watu wazima wenye akili zao wamekuwa wakiitafuta kwa hiari, tena kwa pesa, ili iwatibu baridi yabisi.

Nianze na ukarimu. Ni tabibu gani mwingine anayekufa kwa ajili ya kila mgonjwa anayemhudumia? Mwiba wa nyuki kibarua una vijino vilivyoelekea nyuma, na ukishazama kwenye ngozi ya mtu hautoki. Nyuki akijivuta aende zake, anauacha pamoja na kifuko cha sumu na sehemu ya matumbo yake, kisha anakwenda kufa. Mwiba hauna habari na msiba huo. Utazame kwa karibu, kama una moyo: kifuko kile cheupe kinaendelea kucheza chenyewe, misuli yake ikibana na kuachia, ikisukuma sumu ndani ilhali mwenye mali hayupo tena. Sehemu kubwa ya dozi huwa imeshaingia ndani ya nusu dakika. Na hapo hapo panatoka harufu ya ndizi mbivu, ambayo kwa nyuki wenzake ni tangazo: njooni, kazi iko huku. Sijui zahanati yenye mfumo wa rufaa wa haraka namna hiyo. Wahudumu wote ni wa kike. Madume hayana mwiba kabisa, na hilo tusilirefushe mbele za watu.

Aliyeutafutia mwiba heshima ya kitabibu ni Filip Terč, daktari wa Maribor, mji ambao leo uko Slovenia na wakati ule ulikuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Mwaka 1888 alichapisha makala kuhusu uhusiano wa ajabu aliouona kati ya kuumwa na nyuki na baridi yabisi, na wagonjwa wake akawa anawachoma kwa makusudi. Marekani bendera ilishikwa na Charles Mraz, mfuga nyuki wa Vermont. Alisimulia kwamba mwaka 1934, magoti yakiwa yanamtesa, aliweka nyuki kwenye magoti yote mawili, na kesho yake maumivu yakawa yamekwenda. Aliishi mpaka 1999, akafa na miaka 94, akiwa amechoma watu wasiohesabika bila kudai malipo. Kwa wafuasi wake, umri huo ni ushahidi tosha. Kwa wengine ni umri tu.

Huko Vermont, mgonjwa hushikiwa nyuki mmoja kwa koleo ndogo, akawekwa gotini kwa adabu. Nadhani ndiyo sababu tiba hii haikuanzia Tabora. Nyuki wa Tabora hawaagizwi mmoja mmoja, na warina asali wa kule hupanda mtini usiku, na moshi mkononi, si kwa sababu wanapenda giza. Ukali huo ulivuka bahari: mwaka 1956 Mbrazili Warwick Kerr alichukua malkia wa nyuki wa Afrika Kusini na Tanganyika akawapeleka kwao Brazili. Mwaka uliofuata makundi 26 yakamtoroka, na habari za nyuki hao wakali zikaenea Amerika nzima. Kwa nyuki wa aina hiyo, matibabu yangemalizika kabla mgonjwa hajaeleza tatizo.

Tuje kwenye elimu yenyewe. Karibu nusu ya sumu iliyokaushwa ni melitini, protini fupi inayotoboa kuta za seli, zikiwemo chembe nyekundu za damu. Imo pia apamini inayogusa mishipa ya fahamu, na adolapini inayopunguza maumivu na uvimbe. Ndiyo, sumu inayovimbisha mkono imebeba ndani yake kitu cha kupunguza uvimbe. Nani mwingine anakuletea ugonjwa na dawa katika kifurushi kimoja? Panya wa maabara waliosababishiwa uvimbe wa viungo wamepata nafuu kwa dozi ndogo. Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba: majaribio madogo madogo, mengi ya Korea, ambako sumu hiyo hudungwa kwenye vituo vya akupancha.

Tena, katika zama hizi za dawa bandia, hii ndiyo dawa isiyoghushika. Kidonge cha unga wa muhogo kinaweza kumdanganya mtu mwezi mzima. Mwiba bandia hauwezi kumdanganya hata sekunde moja. Watafiti ndio wanaopata taabu, maana kila mgonjwa anajua kama amechomwa au hajachomwa, na aliyelipa kwa machozi hupenda kusema amepona. Uholanzi walijaribu kupima kwa haki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 26 wa sklerosisi nyingi (multiple sclerosis), maradhi mengine ambayo nyuki amesifiwa kuyatibu, walichomwa na nyuki hadi 20 kwa mara moja, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 24. Ugonjwa haukusogea, uchovu haukupungua. Miiba yote ile, na uvumilivu wote ule!

Kuna mahali utani unakoma. Mwaka 2018 madaktari wa Madrid waliandika habari za mwanamke wa miaka 55 aliyekuwa akichomwa na nyuki kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2 bila tatizo lolote. Siku moja, mwiba ule ule, akaanza kukoroma kifua, akashindwa kupumua, akapoteza fahamu. Adrenalini haikuwapo mkononi. Alifariki baada ya wiki kadhaa hospitalini. Mzio haupigi hodi.

Na hapa ndipo sumu ya nyuki inapostahili sifa bila kejeli. Kwa miongo mingi madaktari walisaga wadudu wazima kutengeneza sindano za kuwakinga wenye mzio. Mwaka 1978 watafiti wa Johns Hopkins wakaonyesha kwamba supu hiyo haina nguvu kuliko sindano ya uongo. Kinachokinga ni sumu yenyewe. Kwa hiyo tiba iliyothibitishwa kweli ya sumu ya nyuki ni kutibu sumu ya nyuki, kama fundi anayejua kutengeneza kile tu alichokiharibu mwenyewe. Mgonjwa huanza na kiasi kidogo mno, akapandishwa hadi mikrogramu 100, ambayo ni kama mwiba mmoja au miwili, kisha hurudia kila baada ya wiki kadhaa kwa miaka 3 hadi 5. Baada ya kila sindano anakaa benchi nusu saa, akiangaliwa. Akimaliza, anaweza kupita chini ya mzinga wa babu yake bila kukimbia. Magoti yake, kama yalikuwa yanauma, yataendelea kuuma.