Saba Mara Nane, Mita Thelathini Chini

Watu wa Nungwi wamezoea bahari iwape samaki. Mtu anayelipa pesa ashuke mikono mitupu na apande mikono mitupu bado ni kichekesho kwao. Nahodha alitutazama mimi na shemeji tukijibana ndani ya suti za kuzamia, akauliza kwa upole: "Sasa huko chini, wazee, mnafuata nini?"

Tulifuata kozi. Mzamiaji wa starehe huanza na mita 18. Kozi ya kina kirefu humfikisha 30, kisha 40, na hapo ndipo mwisho wake. Kila mita 10 mgandamizo huongezeka kwa kiasi kilekile kilichopo juu ya maji, hivyo kwenye mita 30 ni mara nne ya ule wa juu, na hewa ya mtungi huliwa mara nne. Hayo shemeji aliyakariri. Kilichomweza ni nitrojeni: kwenye kina hicho inalevya, bure kabisa, na mlevi wake, kama walevi wote, huapa kwamba yuko timamu.

Mwalimu hupima ulevi huo kwa hesabu. Juu ya boti, shemeji, mhasibu mzoefu, alizidisha 7 kwa 8 kabla swali halijaisha. Chini, alikikodolea macho kibao cha kuandikia, akatabasamu hadi maji yakamwingia kwenye miwani, akaandika: "Ndiyo."

Mwalimu akapasua yai. Maji hayakulitawanya, lilielea duara, ute na kiini pamoja, tukapokezana taratibu. Shemeji alipolipata akagoma kulirudisha. Kisha akaanza kutafuta mapezi yake mekundu. Bahari humeza rangi nyekundu kabla ya nyingine, kwa hiyo mapezi yalikuwa yamegeuka meusimeusi. Akanishuku mimi, akanizunguka mara mbili akinikagua miguu, naye kayavaa.

Mwalimu akaonyesha dole gumba. Nchi kavu hiyo ni pongezi, chini ya maji ni amri ya kupanda. Shemeji akampa mkono.

Uzuri wa ulevi huu ni kwamba ukipanda mita chache unaisha, wala hauachi maumivu ya kichwa. Tuliposimama mita 5 kwa dakika 3, kutoa nitrojeni mwilini, shemeji aliomba kibao, akaandika 56, akapiga mstari chini.

Ila alikuwa amekata tiketi ya ndege ya jioni ileile, na baada ya kuzamia mara kadhaa unatakiwa kukaa angalau saa 18 kabla ya kuruka. Nauli haikurudishwa. Ukija kusoma kozi hii, rudi Dar kwa boti.