Kijana, Shusha Hilo Dumu

Jumamosi iliyopita nilipita mbele ya baraza la wazee wa mtaa wetu, hapa Ngamiani, Tanga, nikiwa nimeshika usukani wa Peugeot 404 inayokwenda mwendo wa mguu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeikandamiza klachi hadi sakafuni. Wa kulia ulikuwa umeikandamiza breki hadi sakafuni. Gari halikusikia la huu wala la ule. Nasi tulilelewa kwamba huwezi kuwapita watu wazima kimya, basi nikatoa kichwa dirishani.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Haya, safari ya wapi?"

"Sijui, mzee."

Wakacheka wote isipokuwa mmoja, aliyedhani nimemfanyia ujeuri.

Gari hilo lilikuwa limelala chini ya mwembe tangu marehemu baba alipoacha kuona vizuri usiku. Fundi alilizunguka, akagonga gonga bodi, akasema halina ugonjwa wowote, ni usingizi tu. Tangi lilikuwa limejaa kutu, kwa hiyo petroli ikawekwa kwenye dumu na kuvutwa kwa mpira. Swichi imekufa, kwa hiyo waya ukatolewa betri moja kwa moja hadi kwenye koili. Boneti likavuliwa, likaegemezwa ukutani. Injini ikawaka, ikatoa moshi mweusi, majirani wakapiga makofi. Tatizo likawa kuingiza gia: ukikanyaga klachi na kuvuta mkono wa gia unasikia meno yanasagana, basi.

Hapa niruhusuni niieleze klachi, maana tangu Jumamosi siwazi kitu kingine. Injini inaishia nyuma kwenye gurudumu zito la chuma ambalo mafundi wanaliita flaiwili. Giaboksi nayo inatanguliza shafti yake. Kwenye meno ya shafti hiyo imekaa diski iliyovishwa bitana ya msuguano pande zote mbili, na nyuma ya diski kuna sahani ya chuma yenye springi kali inayoibana kwenye flaiwili. Ikibanwa, vyote vinazunguka pamoja na gari linakwenda. Ukikanyaga pedali, ile sahani inarudi nyuma kidogo mno, nafasi ya kupitisha karatasi chache, na diski inabaki inaelea. Injini inazunguka peke yake, gari limetulia, unasubiri taa iwe kijani.

Kinachonishangaza ni hiki: hakuna kitu chochote kinachoivuta diski ili iachane na flaiwili. Hakuna ndoano, hakuna springi ya kuirudisha. Walioibuni mashine hii waliamini tu kwamba kitu kisichobanwa kitajitenga chenyewe, na kwa imani hiyo dunia nzima imekuwa ikisimama kwenye vivuko vya watoto wa shule. Sasa lete upepo wa bahari wa Tanga, chumvi na unyevu, masika na vuli. Uso wa flaiwili unashika kutu, kutu inavimba na kuingia kwenye vitundu vya bitana, na diski inagandana na chuma kama ukoko na sufuria. Hapo ukikanyaga pedali, sahani inarudi nyuma vizuri kabisa, inatimiza wajibu wake wote, na diski inabaki palepale ilipolala.

Dawa yake mafundi wote wanaijua. Injini ikiwa imezimwa unaingiza namba moja, unakanyaga klachi, unapiga stata. Gari linaruka na kuondoka, wewe huachii pedali, na baada ya hatua chache diski inabanduka. "Hatua chache," ndivyo fundi alivyosema. Kwa vile petroli ilikuwa dumuni, utingo wake alipewa kazi ya kutembea ubavuni mwa injini amelinyanyua dumu juu, na agizo moja: dumu lisishuke, hata iweje.

Tukatoka getini. Hatua chache zikaisha, zikaja nyingine. Ningezima, lakini swichi ndiyo ile iliyorukwa na waya. Ningetoa gia, lakini gia za 404 ziko kwenye usukani, zinapita kwenye rodi na viungo, na rodi hizo zilikuwa zimekaukiwa grisi: zilikubali kuingia, kutoka zikakataa. Fundi alikuwa anakimbia nyuma akipiga kelele, "Kanyaga! Achia! Kanyaga!" Nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga. Mtu mwenye baiskeli, magunia mawili ya mkaa nyuma, akatupita, akageuka akanipa pole. Watoto wakakusanyika, mmoja akashika mlango na kutembea nami.

"Anko, mbona hushuki?"

Ni swali zuri. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto.

Na wakati wote huo yule utingo, kijana mwadilifu kuliko wote niliowahi kukutana nao, alikuwa amelinyanyua dumu kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, anahakikisha gari halikosi mafuta hata tone.

Barazani, yule mzee asiyecheka alikuwa amepata la kusema. Aliwaeleza wenzake kwamba gari la aina hii lilishinda Safari Rally. Ni kweli. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mara mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mtu wa hapa hapa Tanzania. Nilitamani mzee achague siku nyingine ya kukumbuka hayo. Kisha akamtazama utingo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kijana, shusha hilo dumu."

Fundi na mimi, wenye leseni na spana, hatukuwa tumeliwaza hilo. Utingo alimwangalia fundi kwanza, akapata ruhusa, akashusha. Kabureta ilikuwa bado na akiba yake, kwa hiyo tukaendelea mpaka kwenye rundo la mchanga la jirani anayejenga. Gari likajikita, likatetemeka, kisha ndani kukasikika mlio mmoja mkavu: ta! Diski imeachia. Injini ikawa inaunguruma peke yake na mimi nimetulia juu ya mchanga wa watu. Halafu ikazima.

Kwenye bili kuna mstari umeandikwa "kuachisha klachi". Nimelipa. Mchanga pia nimelipa.

Breki ilikuwa kisa kifupi. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 205, yakishanywa maji kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. Kabla hata hayajachemka, maji hayo yanaleta kutu kwenye silinda ndogo za magurudumuni na pistoni zinaganda. Zetu ziliganda zote, tukaanza upya. Difu nayo ilitupeleka sokoni. Ndani yake kuna skrubu ya chuma inayoendesha gurudumu la shaba nyeusi, na kiwanda kilitaka ilainishwe kwa mafuta yenye asili ya nyonyo, ambayo huku wanawake wanapaka nywele. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Tangi tulilitikisa na mnyororo ndani.

Kinachonichoma hakimo kwenye bili. Gari likisimama, watu wanaliona halina mwenyewe. Kioo cha pembeni kiliondoka na ndugu wa damu, "si limesimama tu?" Jeki iliazimwa, haijarudi. Gereji moja mjini ililipokea likiwa na kabureta yake ya Solex na kulirudisha likiwa na kabureta ya gari nisilolijua, imeunganishwa kwa kipande cha bati na gundi. Nilipouliza, nikaambiwa: "Hiyo ni bora zaidi, bosi, haili mafuta." Kweli haili, hayafiki. Waliolihesabu bado kuwa ni gari ni wadai tu, maana hadi 2017 ada ya leseni ya mwaka ilikuwa inahesabiwa hata kwa gari ambalo abiria wake ni kuku. Ikafutwa, ikahamia kwenye bei ya mafuta. Baba alikuwa akilifuta vumbi kila Ijumaa, akiwa haoni vizuri, na wakati huohuo watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, walikuwa wanalinyofoa vipande.

Kwenye grili kulikuwa na simba wa chuma, nembo ya kampuni. Zimebaki tundu za skrubu. Aliyemchukua anasoma, ninaamini, na nyumbani anapajua. Simba huyo hana kazi kwenye gari jingine lolote mjini hapa. Amwache getini usiku. Mbwa hatuna, na sitamuuliza kitu.