Imeganda au Inafikiri?

Kuganda kwa kompyuta kuukuu katikati ya kusakinishwa Linux ni hali ambayo kishale hakisogei, mstari wa asilimia umesimama pale pale, na mwenye mashine anabonyeza kila kitufe kilichopo, vikiwemo vile ambavyo hajawahi kuvigusa tangu ainunue. Huzipata zaidi mashine ambazo zimekwisha kustaafishwa mara moja: laptopu za mtumba zilizofanya kazi katika ofisi za Ulaya au Dubai kabla ya kufika Kariakoo, kompyuta za mezani alizoziacha mjomba, na tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, mashine ambazo hazina kosa lolote isipokuwa kuzaliwa mapema. Linux huletwa kuziokoa kwa sababu ni ya bure na husemekana kuwa ni nyepesi. Ubure wake hauna mjadala. Wepesi hutegemea ni Linux ipi na ni uzee upi. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya 386. Mwishoni mwa 2012 waundaji wa kerneli, yaani kiini cha Linux, waliiondoa prosesa hiyo hiyo katika orodha ya zinazohudumiwa, kwa hiyo hata mashine iliyoizaa Linux haiwezi kuiendesha Linux ya leo.

Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mashine imeganda kweli. Nyingi zinazotangaziwa msiba zinafanya kazi, ila polepole kuliko subira ya waliozizunguka. Mlango wa USB wa kizazi cha kwanza hupitisha takriban megabaiti moja kwa sekunde. Faili la gigabaiti tatu likipita hapo huchukua karibu saa nzima, na muda wote huo skrini haina habari mpya ya kumpa mtu. Kutikisa kipanya kila baada ya nusu dakika ili kuona kama bado ipo ni sawa na kufunua sufuria ya wali unaopikwa: hakuna kinachoharakishwa isipokuwa mvuke kutoka.

Kipimo chepesi ni kitufe cha Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila inapobonyezwa, mfumo ungali hai, na busara ni kwenda kunywa chai. Ikimetameta yenyewe bila kuguswa, kerneli imekutana na kosa isiloweza kulivuka na imejisimamisha. Chai inaweza kunyweka kwa sababu nyingine. Isipobadilika kabisa, huenda kilichokufa ni sehemu ya picha tu huku kerneli ikiendelea chini yake. Hapo hujaribiwa Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ili kupata ukurasa mweusi wa maandishi matupu. Hilo nalo likishindikana, kuna njia ambayo kerneli huisikiliza moja kwa moja: kushikilia Alt na Print Screen, kisha kubonyeza R, E, I, S, U na B, moja baada ya nyingine bila pupa. Herufi hizo huinyang'anya sehemu ya picha kibodi, huziomba programu zijifunge, huziua zilizokataa, huandika diskini kilichokuwa bado hewani, huifunga diski isiandikwe tena, na mwisho huiwasha mashine upya. Baadhi ya distro, yaani aina za Linux, zimezima nusu ya herufi hizo kwa ajili ya usalama, na laptopu nyingi hudai Fn nayo ishikiliwe, jambo ambalo huonyesha faida ya kuwa na shemeji karibu mwenye mkono usio na kazi.

Baada ya hapo hutazamwa kumbukumbu, yaani RAM. Ubuntu 24.04 inapendekeza gigabaiti 4. Mashine yenye moja itawaka, itaonyesha picha nzuri ya ukutani, kisha taa ya flashi ya kusakinishia itaanza kuwaka mfululizo bila kupumzika. Huko si kuganda. Mfumo wote unaendeshwa kutoka kwenye flashi, nafasi imejaa, na kila programu inayotakiwa humlazimu mwenzake atupwe nje, kisha asomwe upya flashini dakika hiyo hiyo anapohitajika. Tiba ni kutenga sehemu ya diski iwe akiba ya kumbukumbu kabla ya kuanza, au kuchagua Linux ya umri unaolingana na mashine: antiX, Puppy Linux, au Debian yenye kisakinishi cha maandishi, ambacho hakina mvuto wowote wa sura na kwa hiyo hakina cha kupoteza. Wanaong'ang'ania sura nzuri kwenye gigabaiti moja huwa wamechagua mateso yao wenyewe.

Prosesa za biti 32 zina matatizo yao, na mengi si ya kuganda. Ubuntu iliacha kutoa diski za kompyuta hizo mwaka 2017, na Debian 13 ya Agosti 2025 nayo haisakinishwi tena humo. Flashi ya biti 64 ikichomekwa kwenye mashine hizo, kerneli huandika sentensi ya kukataa, kisha husimama. Mwenye mashine, ambaye hakuisoma sentensi hiyo, huripoti kwamba imeganda. Kichekesho kikubwa zaidi ni cha Pentium M za mwaka 2003. Baadhi yake zina uwezo uitwao PAE unaodaiwa na kerneli nyingi, lakini ziliundwa bila kuutangaza. Kerneli huuliza, prosesa hunyamaza, na safari huishia hapo. Ubuntu ya zamani na ndugu zake waliweka neno forcepae, ambalo maana yake kwa vitendo ni kwamba mashine isiulizwe tena, ifanye tu.

Sababu inayostahili kushukiwa mapema kuliko inavyoshukiwa ni flashi yenyewe. Zipo zilizoandikwa gigabaiti 64 nje na zenye 8 ndani. Kinachozidi hapo huandikwa bila malalamiko yoyote na hakionekani tena. Zipo pia zilizo halali lakini zimechoka kwa kubeba nyimbo za harusi za ukoo mzima. Dalili yake ni kukwama mahali pale pale kila mara, mara nyingi kukiwa na neno SQUASHFS kwenye mstari wa kosa. Wasambazaji wa Linux hutoa alama ya SHA256 kwa kila faili, herufi na tarakimu 64, ili mtu alinganishe na ya faili alilopakua. Watu hulinganisha nne za mwanzo na nne za mwisho na kuziachia zilizobaki dhamiri zao. Kwa faili lililoharibika kwa ajali ya intaneti, hilo kwa kweli latosha. Kwa faili lililochezewa na mtu kwa makusudi, halitoshi. Wengi hawalinganishi hata hizo nane. Hubadilisha distro, hupakua gigabaiti nyingine tatu kwa bando la usiku, huziandika kwenye flashi ile ile mbovu, kisha hutangaza kwamba Linux zote ni mbaya.

Flashi ikiwa safi na mashine ikaendelea kukwama, tena kila mara mahali tofauti, shaka huhamia kwenye vipande vya RAM. Memtest86+ hupatikana kwenye menyu ya kuwashia ya distro nyingi, na huachwa ifanye kazi usiku kucha. Ikionyesha mstari mwekundu mmoja, hakuna mjadala wa kwamba ni mmoja tu. Vipande hutolewa, meno yake ya dhahabu husuguliwa taratibu kwa kifutio cha penseli, na hurudishwa kimoja kimoja hadi mkosaji apatikane. Hapa ndipo mwenye mashine hutoa utetezi wake mkuu: mbona Windows ilikuwa inafanya kazi? Ilikuwa inafanya kazi kwa sababu haikufika kwenye chembe mbovu, au ilifika na lawama ikapewa kirusi. Linux hutumia karibu kumbukumbu yote iliyo wazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa, na usakinishaji husoma mengi kwa mkupuo, hivyo pembe ambayo haijaguswa miaka kumi huguswa siku ya kwanza. Fundi wa jirani anayepiga Windows hajawahi kuukubali ufafanuzi huu.

Mashine inayokwama mwanzoni kabisa, kwenye nembo au kioo cheusi, mara nyingi imeshindwa na chipu ya picha. Kerneli hujaribu kuishika skrini mapema, na baadhi ya chipu za zamani hukataa kushikwa. Za NVIDIA zina historia ya pekee, kwa sababu draiva yake huria, Nouveau, iliandikwa na watu waliolazimika kubahatisha ndani mna nini kwa kuitazama kutoka nje. Kwenye menyu ya GRUB, yaani ile ya kuwashia, hubonyezwa e, hutafutwa mstari unaoanza na neno linux, na mwishoni mwake huongezwa nomodeset, kisha Ctrl na X. Skrini itarudi na picha zilizovimba, lakini itarudi.

Ukiwa kwenye mstari huo huo, yafaa kuyafuta maneno quiet splash, ambayo kazi yake ni kuiambia kerneli inyamaze na kuwaonyesha wageni picha. Bila hayo, mashine husimulia kila inachofanya, na ikiganda, simulizi hubaki kiooni. Wengi huukamata mstari wa mwisho na kuutangaza kuwa ndio mkosaji. Mstari wa mwisho kwa kawaida ni wa kazi iliyokwisha kufanikiwa. Mwenye kosa ni yule aliyekuwa anafuata na hakupata nafasi ya kusema. Kutafuta tiba kwenye intaneti kwa kunakili mstari ule ni kumhoji shahidi aliyeondoka kabla ya tukio.

Mfano mzuri wa faida ya simulizi hiyo ni kisakinishi kinachosimama kwa muda mrefu mno kinapofika kwenye kugawa diski, huku makosa yakitaja fd0. Hiyo ni floppy. BIOS ya kompyuta ya mezani imeandikwa kwamba floppy ipo, kerneli imeamini, na sasa inasubiri kwa heshima zote kifaa kilichong'olewa zamani na ambacho watoto wa nyumba hiyo hawakijui. Huingia mtu kwenye BIOS, huifuta floppy, na kazi huendelea.

Zipo mashine zinazosakinishwa bila tatizo, zikaganda siku hiyo jioni, au kesho yake, bila mpangilio. Laptopu za bei rahisi zenye chipu za Intel za familia ya Bay Trail, zilizotoka kuanzia 2013, zilisumbua hivyo kwa miaka: prosesa ilikuwa ikiingia kwenye usingizi mzito wa kuokoa umeme na isiamke. Neno intel_idle.max_cstate=1 huizuia isilale zaidi ya kusinzia, na gharama yake hulipwa na betri. Kerneli za baadaye zilileta marekebisho, ila neno hilo bado linafaa kujaribiwa. Tofauti na hilo, acpi=off ni nyundo. Huweza kuponya, na huweza pia kuondoa kipimo cha betri na uwezo wa mashine kujizima. Ushauri wa kubandika maneno yote ya namna hii kwa mpigo ni wa kupuuzwa, kwani mashine ikipona hakuna atakayejua ni lipi lililoiponya, na yote yatabaki humo mpaka itakapouzwa.

Kuganda kunakokuja baada ya muda ule ule kila mara, huku paja la mtumiaji likiungua, ni joto. Kati ya feni na matundu ya kutolea hewa huwa kumejengeka zulia la vumbi, na dawa iliyo kati ya prosesa na chuma chake imekauka kuwa unga. Husafishwa kwa brashi, dawa mpya hupakwa kidogo, na laptopu huondolewa juu ya mto wa kitandani. Kwenye kompyuta za mezani za takriban mwaka 1999 hadi 2007, ambapo kapasita mbovu zilienea duniani kote, hutazamwa pia kama zile zilizo kwenye ubao mkuu zimevimba vichwa. Zilizovimba hazina neno la GRUB la kuzitibu.

Diski inayogonga hugharimu maneno machache: smartctl huonyesha hali yake, na makosa ya I/O wakati wa kunakili mafaili huikamilisha hukumu. Betri ndogo ya BIOS, CR2032, ikiisha nguvu hurudisha tarehe ya mashine miaka mingi nyuma, na kisakinishi hugoma kupokea vifurushi kwa maelezo kwamba havijaanza kuwa halali. Kwa hesabu ya mashine, vimetoka siku zijazo. Betri hiyo hupatikana kwa fundi saa. Umeme ukikatika katikati ya kazi kwenye laptopu isiyo na betri, hakuna cha kutafutia sababu, huanzwa upya.

Linabaki jambo moja ambalo huwarudisha wengi mwanzo. Neno lililoandikwa kwenye GRUB hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu. Kwenye flashi za kusakinishia Ubuntu, yaliyoandikwa baada ya vistari vitatu vya mwisho wa mstari hubebwa na kisakinishi hadi kwenye mfumo mpya. Yaliyoandikwa kabla yake hupotea. Aliyeyapoteza huiona nembo ile ile ikiganda siku ya uzinduzi, mbele ya familia. Hubonyeza e tena, huliandika neno tena, na akishaingia hufungua /etc/default/grub, huliongeza ndani ya alama za kunukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, na huendesha sudo update-grub. Mashine ikiwaka salama, swali linalofuata kutoka kwa jamaa waliosimama nyuma ya kiti huwa ni Word iko wapi, nalo halimo katika mada hii.