Namna ya Kulifikia Jina Lako

Kama jina la ukoo wako linataja kazi, anza mapema. Mfano tunao: Philip Mpango. Alikuwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Mipango, akawa Waziri wa Fedha na Mipango mwaka 2015, kisha Makamu wa Rais mwaka 2021, bila kubadili herufi hata moja. Norbert Mtega naye aliongoza Jimbo Kuu la Songea tangu 1992 hadi 2013, na Injili inawaita watu wa wito wake wavuvi wa watu. Mvuvi gani hategi?

Ila usilazimishe. Ummy Mwalimu alipewa Wizara ya Afya, akaishika kwa miaka, na wagonjwa hawakumdai chaki.

Kwa mtu wa Lugarawa, wilayani Ludewa, kabla ya lolote, kamuulize bibi. Majina ya koo za Wapangwa, Wabena na Wakinga yana lugha zake, na ukiyasoma kwa Kiswahili unaweza kumpachika babu kazi asiyoijua. Akina Mwinuka wa Njombe hawakupewa jina na wapima ardhi, hata kama mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bibi atakwambia nani alilibeba jina hilo kabla yako na mikono yake ilishika nini. Andika anayosema, leo hii, maana akiondoka yeye hakuna ofisi ya kwenda kuyaomba.

Tena hapa Ludewa kazi ilikuwa sifa ya jamii nzima. Wapangwa waliyeyusha chuma kwa tanuru na mivukuto zamani sana, kabla chuma cha Liganga hakijaingia kwenye makabrasha ya serikali. Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa ni wafinyanzi wa vyungu. Mwenye jembe bovu alijua aende wapi bila kusoma jina la mtu.

Jina likikataa kabisa kulingana na kazi, usihangaike na kiapo cha kulibadili. Fungua kibanda Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ya Mbeya, ushone suruali zisizofumuka. Watu watakubatiza wenyewe: Fundi. Nyerere alifundisha Tabora na Pugu, akaacha ualimu mwaka 1955, na mpaka leo nchi inamwita Mwalimu. Wakikuita, itika. Na siku ukianza kushona ovyo, watarudi kukuita kwa jina la baba yako.