Jinsi ya Kuichunga Manispaa Yako Bila Kuacha Majani Chai Shambani

Mwongozo huu ni wako wewe mkazi wa Bomet, Litein au kijiji chochote cha majani chai kilichoamka siku moja kikajikuta ndani ya mipaka ya manispaa. Jana ulikuwa mkulima. Leo ungali mkulima, ila sasa una bodi, meneja na hati iliyotiwa saini na gavana. Hongera! Kazi imeanza.

Vifaa: gambuti, mwavuli, daftari, kalamu na simu yenye chaji. Shahada haihitajiki. Kipaji kinachotakiwa unacho tayari: jicho lile unalomkazia karani wa kituo cha majani anapopima gunia lako ndilo litakaloisoma bajeti. Ukijua kuuliza kilo iliyokatwa imekwenda wapi, utajua kuuliza shilingi iliyokatwa imekwenda wapi.

Hatua ya kwanza: Kijue ulichopewa. Mabaraza ya miji ya zamani yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti ziliposhika hatamu. Miji sasa inaongozwa na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, ileile inayotumika Lamu, Garissa na kwingineko nchini Kenya. Mwanzoni sheria hiyo ilitaka manispaa iwe na wakazi 250,000. Mwaka 2019 Bunge liliteremsha kiwango hadi 50,000, na mlango ukafunguka kwa miji midogo kama yetu.

Bodi ya manispaa ina watu tisa. Si wote wanaotoka ofisini kwa gavana. Vimo viti vya watu wanaopendekezwa na wanataaluma, wafanyabiashara, jua kali na vyama vya wakazi wa mitaa. Kwa hiyo mama mboga, fundi wa pikipiki na wakazi wa mtaa mmoja wana njia halali ya kufika mezani. Sharti mojawapo: vyama vyao viwe vimesajiliwa. Sajilini chenu kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Hatua ya pili: Bandika kalenda mbili ukutani. Ya kwanza ni ya majani, nayo unaijua kwa moyo. Ya pili ni ya fedha za kaunti. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa kwenye bunge la kaunti. Februari 28 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha waraka wa mkakati wa fedha. Aprili 30 ni ya makadirio ya bajeti. Julai 1 mwaka mpya wa fedha unaanza.

Sasa zilinganishe. Oktoba bonasi inaingia, mji unachangamka, na kila mtu ana maoni makali kuhusu barabara. Lakini fedha za mwaka huo zimekwisha kugawanywa. Februari, jua linapokausha shamba na majani yanapopungua, ndipo mikono yako ina nafasi, na ndipo waraka wa fedha unapoandaliwa. Uende kwenye kikao cha maoni ya umma wakati huo. Aprili mvua inashuka na majani yanafurika. Wengine wakichuna, mtumeni mmoja wenu kikaoni, na mbebeeni gunia lake.

Hatua ya tatu: Mkutane kwenye kituo cha majani. Msitafute ukumbi wa kukodi. Kila siku ya kuchuna watu wamesimama pale wakingoja lori la kiwanda. Someni ukurasa mmoja wa bajeti kwa sauti, kwa Kiswahili na Kikipsigis, mpaka lori lifike. Nyinyi ni wenyehisa wa viwanda vyenu vilivyo chini ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, na mnachagua wakurugenzi. Mkutano wa wenye mali si jambo geni kwenu.

Hatua ya nne: Anza na mitaro. Taa za barabarani hupendeza kwenye picha. Lakini huku kwetu mvua hunyesha sana, tena ya mawe, na miji imekaa kwenye miteremko. Maji yasipopewa njia hujitafutia, na njia hiyo hupita kwenye vibanda vya soko. Tena hayaishii kwetu. Mto Nyangores unaopita Bomet hukutana na Amala ukawa Mto Mara, unaokatiza Maasai Mara na Serengeti hadi Ziwa Victoria. Taka inayotupwa nyuma ya soko la Bomet imeanza safari ya kwenda Tanzania. Kuzibua mtaro mmoja ni kuwatendea wema majirani wa nchi mbili.

Hatua ya tano: Uliza swali lenye namba. Ukisema, "Mheshimiwa, tunaomba maendeleo," utajibiwa kwa ahadi. Sema hivi: "Mheshimiwa, mtaro wa soko umetengewa shilingi ngapi, mkandarasi ni nani, na ataanza lini?" Kisha fungua daftari, shika kalamu, usubiri kwa heshima. Mtu anayeandika hujibiwa kwa uangalifu zaidi kuliko anayepiga kelele.

Hatua ya sita: Jibu lisipokuja, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Siku zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya maafisa wa umma.

Hatua ya saba: Rudi tena. Mchai hauchunwi mara moja tu, na mji hautengenezwi kwa mkutano mmoja. Manispaa ndogo ina faida ambayo jiji kubwa halina: meneja anakutana nawe dukani, na mjumbe wa bodi anapita kwenye mtaro uleule uliomwuliza habari zake. Itumieni faida hiyo. Mwenye chama akiandikishe leo, na Februari ijayo tukutane kwenye kikao cha maoni, viti vya mbele.